Inchaji anasema "ndivyo tulivyokuta", makala zinasema vingine. Utafiti unaingiaje ICU zetu?

Sista wa Ipagala aliuliza:

Habari za zamu wapendwa, poleni na majukumu.

Nipo ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) kwenye hospitali moja hapa Dodoma, jina naliacha. Kwetu mgonjwa akishawekewa tyubu ya kupumulia utaratibu ni kumsaksheni, yani kumvuta makohozi kwa mashine, kila masaa mawili, awe na makohozi asiwe nayo, na kabla hujaingiza katheta (mpira mwembamba wa kuvutia) unavuta salaini (maji ya chumvi) mil 5 kwenye sirinji unaimwaga ndani ya tyubu eti ilainishe. Wanafunzi wakija field ndivyo wanavyoelekezwa. Ila kila nikifanya naangalia monita, oksijeni inatoka 96 inashuka mpaka themanini na kitu, mgonjwa anakohoa mpaka machozi yanamtoka, na kinachorudi kwenye mpira ni kasalaini kidogo tu, nyingine yote imebaki huko ndani.

Nikaanza kusoma. Mwongozo wa AARC, chama cha wataalamu wa tiba ya upumuaji cha Marekani, ule wa 2010 na huu wa 2022, yote inasema salaini isiwekwe kwa mazoea, na saksheni ifanyike pale dalili zinapoonekana, yani makohozi yanasikika, au grafu ya ventileta (mashine ya kupumulia) imeota meno meno, au presha ya kupuliza imepanda, au oksijeni inashuka bila sababu nyingine. Siyo kwa kufuata saa ya ukutani.

Nikampelekea inchaji wangu, muuguzi msimamizi wa wodi. Ni mama namheshimu sana, kwa kazi ya mikono hapa mjini sijamuona wa kumfikia. Akaniambia "mwanangu, tyubu ikiziba saa nane usiku utaniita mimi au utaiita hiyo makala?" Nikanyamaza maana swali lake ni la haki kabisa.

Sasa naomba mnisaidie. Utafiti unauingizaje kazini bila kuonekana umekuja kuwafundisha wakubwa zako? Afu hizi tafiti nyingi zimefanyika kwa watu wenye muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja, sisi usiku mmoja ana wagonjwa watatu hadi wanne. Najuaje ipi inatufaa?

---

Mstaafu wa Chamwino:

Mbukwenyi wanangu. Sista pole na zamu, na hongera kwa kusoma, wengi wakitoka kazini kitabu hakishikwi tena.

Naomba nikueleze hiyo salaini ilitoka wapi ili umwelewe huyo mama. Sisi tulioanza zamani hatukuwa na hizi filta za HME zinazowekwa mdomoni mwa tyubu kutunza unyevu. Oksijeni ya mtungi ni kavu kama nini, na wewe unaijua Dodoma ikishafika Julai Agosti hewa inavyokausha mpaka midomo inapasuka, sasa fikiria mtu ambaye pua yake yenyewe imepitwa na tyubu, hewa yote inaingia kavu moja kwa moja kifuani. Makohozi yanakauka yanakuwa gamba, tyubu inaziba, na ikiziba una dakika chache tu. Inchaji wako hiyo kitu ameiona kwa macho, wala hang'ang'anii ubishi, anamlinda mgonjwa kwa njia anayoijua.

Kwaiyo ukienda kwake na neno "tuache" utakwama. Nenda na "tuweke nini badala yake". Unyevu ndiyo jibu. Je filta zipo stoo? Zinabadilishwa zikichafuka au zinakaa wiki nzima mpaka zinanuka? Ile mashine ya kupasha maji ya ventileta kama mnayo, kuna mtu anaangalia maji yake kila zamu? Mgonjwa anapata maji ya kutosha mwilini? Hayo yakikaa sawa ndo salaini inakosa kazi. Mkiondoa salaini na filta hakuna, tyubu itaziba kweli na huyo mama atakuwa amesema kweli mbele ya wote, na wewe hutasikilizwa tena hata ukija na jambo zuri namna gani.

---

Mwalimu wa Kliniki:

Shikamoo mama mstaafu, umeeleza vizuri mno.

Sista mi nakazia upande wa kusoma. Usiende kwa inchaji na makala moja. Kwenye hiyo hiyo salaini kuna jaribio la Brazil la 2009, wagonjwa 262 kwenye hospitali ya saratani São Paulo, waliowekewa salaini kabla ya saksheni walipata nimonia iliyothibitishwa maabara KIDOGO kuliko wasiowekewa. Umeona? Mtu akikuletea hiyo peke yake unaishiwa maneno pale pale. Lakini ukiisoma mpaka ndani unakuta walitumia saksheni ya mfumo uliofungwa, ile katheta inayokaa ndani ya mfuko wake bila kumtenganisha mgonjwa na mashine, kitu ambacho wengi wetu hatuna, na vifo havikupungua wala siku za kukaa kwenye ventileta hazikupungua. Ndiyo maana walioandaa mwongozo wa 2022 walipoweka tafiti zote mezani bado wakasema iepukwe. Jaribio moja linakuonyesha upande mmoja tu. Anza na mwongozo, au mapitio yaliyokusanya majaribio mengi, ndo ushuke kwenye moja moja.

Na kumbuka tulishaumia kwa kukimbilia utafiti mmoja. Mwaka 2001 Leuven kule Ubelgiji walionyesha kuishusha sukari ya mgonjwa wa ICU mpaka 80 hadi 110 mg/dL kunaokoa maisha, dunia nzima ikafuata, wauguzi tukawa tunachoma vidole kila saa. 2009 likaja jaribio la NICE-SUGAR, wagonjwa zaidi ya 6,000, ikaonekana waliobanwa sukari hivyo walikufa 27.5% na walioachwa chini ya 180 walikufa 24.9%. Sukari ilikuwa inashuka mno. Leo 180 ndiyo mpaka wengi wanaoutumia.

Kuhusu kupata makala: kama hospitali au chuo chenu kimejiandikisha HINARI ya WHO mnasoma majarida makubwa bure, Tanzania tupo kwenye kundi lisilolipa. Muulizeni mkutubi au mtu wa IT nywila zipo kwa nani, sehemu nyingi zipo ila zimekaa kwenye droo ya mtu mmoja. Na unapotafuta usiandike "suction ICU" ukaletewa makala elfu. Andika swali lako kwanza kwa Kiswahili: mgonjwa gani, unataka kumfanyia nini, unalinganisha na nini, unatarajia kuona nini. Swali likinyooka kutafuta kunakuwa kwepesi hata kwa bando la mia tano.

---

Kijana wa Mpwapwa:

Samahani mwalimu na wote mliotangulia, naheshimu mliyosema ila naomba niseme ya moyoni. Tunaambiwa ushahidi ushahidi, huku kwetu katheta za saksheni zinahesabiwa, moja inalala kwenye jagi la maji mpaka asubuhi, umeme ukikatika jenereta inachukua muda mnaanza kubana ambu (mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa) kwa mkono. Mtu aniletee utafiti wa Ufaransa unasema nini nifanye nini nao? Naona kama tunajibebesha mzigo wa watu wengine wakati vifaa vya msingi hatuna. Tupiganie vifaa kwanza, utafiti baadaye.

---

Dkt wa Ganzi:

Mdogo wangu wa Mpwapwa hoja yako ya vifaa ni kweli tupu na isipuuzwe. Lakini "utafiti baadaye" hapana, na nakupa mfano wa hapa hapa nyumbani.

Miaka yote watoto wenye homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofika tulifundishwa kuwapa maji ya mshipa mengi ya haraka, mil 20 mpaka 40 kwa kilo ndani ya saa moja. Mwongozo ulitoka kwa watu wenye ICU za watoto na ventileta. Likaja jaribio la FEAST, likafanyika Uganda, Kenya na Tanzania, kwetu ilikuwa Teule pale Muheza, watoto 3,141, kwenye hospitali za kawaida kama yako. Matokeo yakachapishwa 2011: waliopewa maji ya haraka walikufa ndani ya masaa 48 kiasi cha 10.5%, wasiopewa 7.3%. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda. Hakuna aliyetegemea hivyo, hata waliolifanya. Hapo wasiojumuishwa ni watoto wa kuhara na wale wenye utapiamlo mkali, msije mkamnyima maji mtoto aliyeishiwa maji kwa kuhara, nawasihi.

Baadaye Zambia pale hospitali kuu ya chuo Lusaka wakajaribu kwa watu wazima wenye sepsisi (maambukizi makali yaliyosambaa mwilini) na presha ya chini, wagonjwa 209, ikachapishwa 2017. Waliofuata protokali ya maji mengi ya mapema walikufa 48.1%, wa huduma ya kawaida 33%. Wengi walikuwa na VVU.

Sasa ona, bila utafiti tungeendelea kuwamwagia maji tukiamini tunaokoa. Kwaiyo swali la sista la "ipi inatufaa" ndo swali kubwa kuliko yote. Mi nikisoma makala naangalia kwanza wagonjwa wao walikuwa na nini, malaria, VVU, utapiamlo? Kulikuwa na ventileta ya kumpokea mgonjwa akizidiwa? Muuguzi mmoja alikuwa na wangapi? Kama kile kilichotafitiwa kinahitaji mtu asimame kitandani kila robo saa na mimi huyo mtu sina, basi mgonjwa wangu hatapata faida yake, atapata hatari zake tu.

Na ombi kwa wauguzi: dripu mnafungua nyie. Mkiona daktari kaandika lita mbili haraka na mgonjwa anahema kwa shida, mapafu yanalia, msikae kimya, piga simu. Mi napigiwa na sijawahi kuchukia.

---

Zamu ya Usiku Singida:

Wadau mi sipo ICU kabisa, nipo wodi ya wanaume, ila najiona humu humu. Kuna utafiti mkubwa umetoka kwenye Lancet 2025 ulifanyika Afrika nchi 22, hospitali 180, walihesabu wagonjwa waliolazwa siku moja karibu elfu 20, mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi, na kati ya hao mahututi 69% walikuwa wodi za kawaida. Yani ndo hao hao nalala nao mimi. Na zaidi ya nusu hawakuwa wanapata huduma ya msingi, oksijeni, dripu, kumlaza vizuri njia ya hewa ikae wazi. Siyo mashine za mabilioni hizo.

Kwaiyo kaka wa Mpwapwa, huo utafiti ndo unaokupa nguvu ya kudai vifaa. Ukimwambia mganga mfawidhi "hatuna oksimita" anasikia kila siku. Ukimwonyesha kwamba wagonjwa wa aina hii wapo wodini kwake na wanakufa kwa kukosa oksijeni, na umeshahesabu wa kwako wa mwezi huu, anakaa vizuri kwenye kiti.

Na kuna wa Muhimbili ulichapishwa 2015. Waliweka ICU utaratibu mwepesi tu, kila kipimo kina mpaka wa hatari, presha ikishuka chini ya hapa fanya hivi, oksijeni ikishuka chini ya hapa fanya hivi, umebandikwa kitandani, na muuguzi anaanza yeye bila kusubiri. Wagonjwa waliolazwa na presha ya chini vifo vilikuwa 92% vikashuka mpaka 69%. Kwa waliolazwa wote kwa jumla haikuonekana tofauti ya namna hiyo, nasema ukweli wote, lakini kwa wale wa presha ya chini tofauti ilikuwepo na iliguswa na mkono wa muuguzi.

Kwetu tuna chati za vipimo, zinajazwa vizuri tu, presha 70 kwa 40 imeandikwa kwa kalamu ya bluu saa kumi na mbili, saa nne imeandikwa tena, hakuna kilichofanyika katikati. Hilo ndo linaniuma mimi. Kuandika siyo kumhudumia mtu.

---

Sista wa Ipagala:

Nimesoma yote asanteni sana, mama mstaafu shikamoo. Ile ya unyevu imenifungua, nimeenda kuangalia stoo filta zipo ila tunatumia ya mgonjwa mmoja mpaka imelowa kabisa kwa sababu hakuna aliyepanga nani aibadilishe. Sasa nianze na nini? Nina mambo mengi kichwani, salaini, kunyanyua kitanda, kuosha midomo, kupima mabaki ya tumboni kabla ya kulisha. Yote naona tunafanya tofauti na yanavyoandikwa.

---

Mama Inchaji Kondoa:

Mdogo wangu mi ni inchaji, ngoja nikuambie tunachotaka kusikia sisi tulio upande huu.

Usilete mambo manne. Leta moja. Na ulete pamoja na hesabu ya kitu ambacho inchaji anakiogopa. Yeye anaogopa tyubu kuziba, si ndio? Basi mwombe mwezi mmoja wa kuhesabu tu, bila kubadilisha chochote: tyubu ngapi zimeziba, na wakati wa saksheni oksijeni imeshuka chini ya 90 mara ngapi. Daftari moja la mistari, kila zamu inaweka alama. Mwezi unaofuata mpange mtu wa filta kila zamu, salaini msiiweke labda makohozi yamekauka kweli na daktari kakubali, muendelee kuhesabu yale yale. Mwisho wa mwezi daftari linasomwa kwenye ripoti ya asubuhi, linasomwa na inchaji mwenyewe siyo wewe. Hapo hakuna aliyefundishwa na mdogo wake, wodi nzima imejifunza kwa wagonjwa wake. Na kama tyubu zimeziba zaidi mnarudi mnatafuta kwa nini, nayo ni elimu.

Hayo mengine yana zamu yake lakini nikuguse kidogo. Kunyanyua kichwa cha kitanda nyuzi 30 mpaka 45, hiyo ina jaribio la Barcelona la 1999, wagonjwa 86, waliolazwa chali nimonia iliyothibitishwa ilikuwa 23%, walionyanyuliwa 5%. Ni dogo na la zamani ila halina gharama. Shida kila mtu anakadiria kwa macho, ukipima unakuta kitanda kipo 15. Sisi tulichukua pimapembe ya mkebe wa hesabu wa mtoto, tukaifunga uzi wenye nati ndogo, tukaiweka ubavuni mwa kitanda, ikifika 30 tukachora alama kwa makapeni kwenye fremu. Vitanda vyote vina alama sasa, hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anajua. Mgonjwa wa uti wa mgongo au presha iliyoanguka muulize daktari kwanza.

Kinywa, zamani tulisisitiziwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, lakini mwongozo wa Marekani wa 2022 wa kuzuia nimonia ya ventileta umeitoa kwa sababu faida haionekani na kuna wasiwasi wa kuongeza vifo. Kilichobaki ni mswaki. Uchambuzi uliotoka mwishoni mwa 2023 ulikusanya majaribio 15, waliopigwa mswaki nimonia ilipungua hasa walio kwenye ventileta. Mswaki laini dukani ni hela ya soda, ndugu wakija kuangalia mgonjwa tunawaambia walete, na wanafurahi maana kuna kitu wamemfanyia mtu wao.

Mabaki ya tumboni, Wafaransa 2013 walionyesha kwa wagonjwa 449 wa ventileta kwamba kutoyapima hakukuongeza nimonia na chakula kiliingia zaidi. Lakini hapo mimi nasita kwa wodi yangu, sina mtu wa kukaa karibu kuona anayetapika, kwaiyo tunapima bado, tulichoacha ni kusimamisha uji kwa mil 200. Tunasimamisha ikizidi 500 au tumbo likivimba. Mwingine anaweza kuamua tofauti na asiwe amekosea.

---

Kijana wa Mpwapwa:

Mama inchaji hiyo ya pimapembe naiba leo leo. Nimeelewa pia ile ya kuhesabu, ntaanza na katheta, tunatumia ngapi na tunahitaji ngapi kwa wiki, nipeleke na maandishi. Swali moja, katheta namba gani kwa tyubu gani? Huku tunachukua iliyopo.

---

Dkt wa Ganzi:

Katheta isizibe zaidi ya nusu ya upana wa tyubu kwa mtu mzima, ikiziba zaidi unavuta hewa ya mapafu yenyewe na oksijeni inaporomoka. Hesabu yake: namba ya tyubu zidisha kwa 3 gawanya kwa 2. Tyubu 8 unapata 12. Tyubu 7 unapata kumi na nusu, chukua 10. Mpe oksijeni 100% nusu dakika hadi dakika moja kabla na baada, presha ya mashine ya kuvuta isipite 150 mmHg, ukishaingia usizidi sekunde 15 mpaka umetoka. Ukiagiza stoo agiza 10 na 12 zaidi, 14 zinazojaa makabatini kwa tyubu nyingi tunazotumia ni kubwa mno.